Fundi wa Foni wa Ng'ambo ya Barabara

Fundi wa ng'ambo ya barabara alifuta vidole kwenye kitambaa cheupe kila alipotaka kugusa foni, ile redio ya kuitana na miji ya mbali, na ilipozidi kukoroma, yeye alizidi kunong'ona. Twahiri, mwenye duka la upande wa pili, alimtazama hivyo miaka miwili, roho ikimuuma. Vita vilikuwa vimekata simu na reli, na katika mji wa Kalemie ni wao wawili tu waliouza na kutengeneza mitambo ya kuzungumza na watu wa mbali. Asubuhi moja fundi alivuka barabara. "Papa Twahiri, vyombo vinafika kwa shida toka Kigoma. Tuunganishe maduka, tuagize pamoja." Twahiri, aliyekwisha kuamua kukubali, alitoa kalamu ili watie sahihi. Fundi akafuta vidole, akaviingiza kwenye foni ya parokia iliyokuwa mezani, iliyomshinda Twahiri siku tatu, na mara watu wa mji wa Kongolo wakasikika wakiita. Mama Marthe, aliyekuwa dukani akingoja habari za mtoto wake aliye huko, alimshika fundi mikono huku akilia. "Mushukuru Papa Twahiri," fundi alinong'ona. "Kazi njo yake. Mimi nimefunga tu waya wa mwisho." Majivuno Twahiri angeyavumilia; unyenyekevu ule, hapana. Alirudisha kalamu mfukoni. "Maduka yabaki mawili," alisema.