Makayabu yangu haina kosa

Leo nimekasirika sana. Munisikilize!

Siku tatu nyumba yetu hapa Etterbeek inanuka moshi. Kichwa inaniuma, mutoto vilevile.

Nikaambia mwenye nyumba, papa moja muzee anaishi hapa chini. Akajibu: «Madame, ni samaki yako.»

Samaki yangu! Makayabu, samaki ya chumvi tunakulaka dimanche kisha misa!

Bon, nikaita fundi mimi mwenyewe. Tukashuka naye ku cave, chumba ya chini ya nyumba, kwenye chaudière ya mazout, ile mashini inapashaka nyumba moto. Mwenye nyumba akatufuata.

Fundi akaona tundu ya hewa ya ukuta imezibwa na kitambaa. Akavuta.

Mwenye nyumba akalalamika: «Doucement, usipasue! Ni tricot yangu ya kuvaa!»

Alors ni yeye! Aliziba tundu kusudi baridi isiingie.

Fundi akazima mashini palepale. Akasema: «Bila hewa, hii moto inatoa sumu. Mungelala, musiamuke.»

Nikageukia mwenye nyumba, nikangoja aombe pardon.

Yeye anageuza tricot, anaangalia kama imetoboka.

Mungekuwa ninyi, mungemujibu nini? Mimi nilipanda, nikafungua madirisha yote, nikapika makayabu. Yote yenye ilibakia.