Tulivyoshuka Pwani Bila Maji

Iko siku moja ambayo sipendi kuikumbuka, mwanangu, nayo hunijia kila nikiwaona nyinyi vijana mmeinamia simu zenu mkipanga safari. Nimesikia mnataka kwenda pwani kwa baiskeli, mzunguke rasi, mlale kwenye mahema. Nendeni. Sitawazuia, na hata nikiwazuia hamtanisikia, maana na mimi sikusikia. Lakini kaa kwanza nikueleze yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wewe hujui tulikotoka: sabuni kwa foleni, shati moja la sikukuu mpaka linapauka. Ghafla maduka ya Masasi yakajaa. Baiskeli za Kichina zilipangwa barazani zikiwa bado zimefungwa makaratasi, zinanukia mafuta. Mimi na Issa tuliuza korosho zetu za Makote, huku Newala, tukashuka Masasi, tukarudi kila mmoja na yake. Issa alikuwa jirani yangu na tulitoka jando pamoja, na kwetu hilo ni zaidi ya ujirani. Alikuwa mpole, mtu wa kufikiri kabla ya kusema. Mimi nilikuwa msemaji, na watu walinipenda kwa hilo.

Mwaka huo wazungu wawili walipita Newala na baiskeli zenye mifuko ubavuni. Walisema hawauzi wala hawanunui kitu, wanatembea tu na kulala popote. Wivu ulinishika. Nikamwambia Issa na sisi tutakwenda mpaka baharini, kwenye ile rasi ya vilima upande wa Mikindani, tuizunguke, tulale chini ya turubai, turudi. Biashara hakuna, ni kuona tu.

Tulipanga wiki tatu nzima. Nilikuwa na daftari na ramani niliyoinakili kutoka ukuta wa shule, na nilijiona injinia. Niliandika pampu, viraka, solusheni, turubai, unga wa muhogo, sufuria, na redio kaseti yangu, ambayo eti isingeweza kubaki. Katika wiki zote tatu Issa aliuliza swali moja.

"Na maji?"

Nikamcheka. Wewe umezaliwa bomba limeshafika, kwa hiyo ngoja nikufafanulie. Huku kwetu juu mlimani, maji yalikuwa bondeni. Mama zetu walishuka alfajiri na ndoo tupu, wakapanda jua limewaka na ndoo zimejaa, shingo zinatetemeka. Mtu wa kwetu alijua hivyo tangu akiwa mgongoni: ukishuka, utakuta maji. Anayeshuka na dumu lililojaa tulimwona kichaa. Hata ramani niliisoma kwa akili hiyohiyo. Nilivihesabu vilima vya rasi, nikaweka alama ya kisima chini ya kila kimoja kwa kalamu ya bluu, mahali ambapo sijawahi kukanyaga hata siku moja.

Asubuhi ya safari nilimpitia Issa kwao. Mama yake alikuwa ameshafunga madumu mawili ya maji kwenye keria ya baiskeli ya mwanawe, ameyakaza kwa mpira wa tyubu. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba," akaitikia. "Hayo nimeyateka jana kwa ajili yenu. Pwani siijui mimi. Myabebe."

Uwanja ulikuwa umejaa watu waliokuja kutuaga, na mimi nikaona nimepata pa kuchekesha. Nikapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Issa anapeleka maji bondeni!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Issa akatazama chini. Akafungua ule mpira, akayarudisha madumu ndani, moja moja. Mama Issa alinitazama, kisha akaingia ndani kumfuata mwanawe. Tukaondoka na chupa moja kila mtu.

Siku mbili za kwanza hazikuwa na tabu. Njia nzima ina vijiji, na watu wa kule ni wakarimu, wanakukaribisha uwanjani pao kabla hujamaliza salamu. Siku ya tatu tukaingia rasini. Issa aliposimama juu ya kilima cha kwanza akaiona bahari pande zote mbili, alicheka peke yake kwa furaha. Namshukuru Mungu kwamba alipata hilo.

Kisha tukashuka. Chini tulikuta mikoko na tope la chumvi. Tukapanda cha pili kwa kusukuma baiskeli kwenye mchanga na mawe, jua limetukalia utosini, chupa zimekwisha. Tukashuka. Mikoko na tope. Issa akasema, "Turudi kwa yule mama tuliyempita asubuhi, tumwombe maji." Kurudi kulikuwa kupanda tena vilima viwili, na pia kulikuwa kukubali kwamba daftari langu ni la uongo. Nikakataa.

"Hiki ndicho cha mwisho," nikamwambia. "Chini yake kuna kisima. Kimo kwenye ramani."

Kilikuwamo, ndiyo. Nilikuwa nimekichora mimi.

Issa aliniamini. Midomo ilikuwa imempasuka na macho yake hayakutulia. Tulipofika juu aliona kitu kinang'aa kule chini kati ya miti, akadhani ni maji matamu, akaachia breki. Kumbe ni tope lilelile linameta kwa jua. Nilimwona akiyumba, usukani ukamponyoka, akarushwa kwenye mawe. Mfupa wa paja ulivunjika nikausikia, nami nilikuwa mbali nyuma yake.

Watu waliokuwa wakichoma chokaa walisikia makelele yangu, wakaja na maji na kitanda cha kamba. Mmoja wao aliniuliza tumetoka wapi hata hatuna maji. Nikamwambia Newala. Akatikisa kichwa, akashika mguu wa kitanda.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu mpaka hapa nilikuwa nimekosea tu, na kosa kila mtu analo. Mama Issa alifika hospitali baada ya siku tatu, juu ya lori, pamoja na wajomba. Issa amelala pale, macho wazi. Mama akanigeukia.

"Ilikuwaje, baba?"

Nikajibu: "Alitaka kushindana na mimi, mama. Nilimwambia apunguze, hakusikia. Ni mbio tu."

Issa alinigeuzia uso. Jandoni tulifundishwa kutomwaibisha mwenzako mbele ya wakubwa, na nilijua yeye ataushika mwiko huo hata akiumia. Niliujua upole wake, nikautumia. Alinitazama kidogo, akafumba macho.

Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Shamba lake la korosho likaingia msitu. Wazazi wa binti aliyemposa wakarudisha posa, wakisema hawamtaki kijana asiye na akili, anayeshindana na vyuma; alikuja kuoa miaka kadhaa baadaye. Tena watu wakampa jina. Wakamwita Mbio. Mtu anayetembea kwa fimbo, hatua moja na kupumzika, watoto wanamfuata nyuma: "Shikamoo, babu Mbio!" Naye anaitikia marahaba, anatabasamu. Na mimi nilimwita hivyo. Ndiyo, mimi.

Mama yake alikufa bila kuambiwa. Sidhani kama aliuamini ule uongo, kwa sababu siku moja alinipita njiani akaniambia, bila hata kusimama, "Mwanangu hajawahi kukimbia hata akiitwa kula."

Issa mwenyewe aliligusa jambo hili mara moja tu. Tulikuwa tunabangua korosho, nywele zimeshaanza mvi. Akaniuliza, "Siku moja utawaambia?" Nikasema nitawaambia. Akasema, "Haya," akaendelea kubangua. Hakuuliza tena. Nami nikangoja wakati mzuri: msimu uishe, mfungo upite, harusi ya binti yangu ipite kwanza. Wakati mzuri haukuwahi kukosa sababu ya kuahirishwa.

Tulimzika mwaka jana. Aliyesimama kumweleza marehemu alisema tumekuja kumsindikiza ndugu yetu, maarufu kwa jina la Mbio, na watu wakatabasamu kwa mapenzi. Nilikuwa mstari wa mbele, udongo mkononi. Kinywa kilifunguka kabisa, mwanangu. Kikaitikia "Amina" pamoja na wengine.

Basi sikuusii habari za viraka wala mahema, hayo mnayajua kuliko mimi. Mkikaa kupanga, msikilizeni yule anayeuliza kwa sauti ndogo. Usimcheke mbele za watu ili upendeze wewe. Mahali usipopajua, sema hupajui, na usichore kisima hapo. Jambo likiharibika kwa sababu yako, liseme siku ileile na mbele ya watu walewale, maana ukilala nalo siku moja utaanza kulizoea, na yule mpole atalibeba mpaka kaburini wewe ukimtazama. Nimekwambia wewe ambaye hukuwapo, na haijanipunguzia kitu. Wanaopaswa kuambiwa ni wajukuu wa Issa. Wanakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na mpaka leo asubuhi nimeshindwa kuvuka uwanja.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mwenzako wa njiani aliye kama Issa, na akunyime ulimi kama wangu. Akurudishe na wote utakaoondoka nao, wazima, wakiitwa majina waliyopewa na mama zao.