Siku Kijiji Kilipompigia Punda Kura

Nilifundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa jirani na Kasense, na sikuwa mwalimu mpole. Nilizaliwa Mbeya, nikaolewa na karani wa serikali aliyehamishiwa Sumbawanga, na baridi ya Ufipa ilinikuta tayari nina hasira zangu. Darasa letu lilikuwa ghala la mahindi. Wanafunzi walifika jioni wakitoka shambani, na wa kwanza kusinzia kila siku alikuwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: kupigisha kura. Tulipiga kura darasa lianze saa ngapi. Tulipiga kura nani akae karibu na mlango. Siku moja, mvua ikituchuruzikia vichwani, alisimama akauliza wangapi wanakubali kwamba bati limetoboka. Wawili walipinga.

Mwaka ule tulikuwa tunasoma kitabu cha afya. Nilipoandika ubaoni neno safura, nikaeleza kuwa ni ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo, mabibi wa mstari wa mbele waliangaliana. Waliamua palepale kuwa safura inaletwa na sufuria. Sufuria zilikuwa zimeanza kufukuza vyungu jikoni kwa wakamwana wao, na jambo hilo lilikuwa likiwauma siku nyingi.

"Si tulisema?" akasema mmoja wao. "Jina lenyewe linajieleza."

Nilipandwa na hasira. Kesho yake nilikwenda mjini, mtaa wa Majengo, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyesoma Kiarabu, nipate cha kuwanyamazishia. Alicheka mpaka akaweka mizani chini. Akasema maneno yote mawili yametoka katika ukoo mmoja wa Kiarabu, ukoo wa rangi ya njano: safura kwa sababu ya rangi ya mgonjwa aliyepauka, sufuria kwa sababu zile za zamani zilikuwa za shaba.

"Ni ndugu, mwalimu," akaniambia, "lakini hawaambukizani."

Nilirudi na habari hiyo darasani nikiwa sijui nimeshinda au nimeshindwa. Mabibi walishangilia. Mimi nami nikanogewa. Tangu hapo kila jioni tulimalizia kwa kuulizana neno fulani la ugonjwa limetoka wapi. Dondakoo lilikuwa rahisi, donda la kooni, kila mtu alilipata. Kifaduro kilitushinda, tukakiacha. Kisha tukafika kwenye pepopunda.

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja mjane, mwenyeji wa Muze, kule bondeni. Aliishi kwa punda wake. Alimbebesha mahindi ya watu akayapeleka mashineni Majengo, akarudi na unga, chumvi na mafuta ya taa, na bila punda yule asingekuwa na njia ya kula. Nilimpenda kwa sababu hakuogopa kuuliza.

"Mwalimu," akasema, "huyu punda ameingiaje humu?"

Wote walijua kwa nini anauliza, hata mimi nilijua, alikwisha kunisimulia. Alipoolewa alipanda mlima na punda wa baba yake, aliyemzaa huyu wa sasa. Mtoto wake wa kwanza alikakamaa mwili, taya zikabana, akafa kitovu hakijadondoka. Wakwe walisema pepo lilikuja na yule mama na punda wake. Hakupata mtoto mwingine, na maneno yale aliishi nayo mpaka akazeeka.

Nikamjibu kwa kadiri ya akili yangu. Nikasema watu wa kale waliona mtu anakakamaa, hawakujua sababu, wakasema ni pepo. Punda, nikasema, labda ni kwa sababu mgonjwa hukaza mwili kama punda aliyegoma kwenda. Nilisema labda. Maneno mengine yote yalitoka nje ya ghala jioni ile, lakini hilo labda lilibaki ndani.

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye punda yule aliwahi kumlia kabichi. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, alikuwa wa kwanza kusimama.

"Ndugu mwenyekiti, mwalimu mwenyewe amefundisha. Ugonjwa ni pepo, na pepo ni la punda. Tuna watoto hapa. Punda arudishwe Muze."

"Na mwenyewe je?" akauliza mtu.

"Mwenyewe akipenda amfuate."

Nilisimama nikapiga kelele kwamba sikufundisha hivyo. Nilisema kabichi ziache kuongea habari za matibabu. Watu walicheka, lakini niliona mikono inawasha kunyooshwa, na mama wa watu amekaa chini anautazama mchanga. Namshukuru mwenyekiti kwa jambo moja: alisema kura nzuri hutaka shahidi. Akaahirisha mpaka aje mganga msaidizi kutoka mjini, ambaye alikuwa karibu kuja kuchanja.

Siku aliyofika nilimkimbilia kabla hajashuka kwenye pikipiki, nikamweleza yote, nikamwomba awaambie punda hana kosa. Alikuwa kijana mtaratibu, ananyoosha suruali yake kila akisimama. Akaniambia, "Nitasema ukweli, mwalimu." Nikafurahi, mjinga mimi.

Alisimama mbele ya mkutano akasema pepopunda si pepo. Inaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Nikapiga makofi. Akasema kijidudu hicho hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama. Nikaacha kupiga makofi.

"Wanyama gani?" mzee wa kabichi akadakia. "Punda yumo?"

"Punda yumo," mganga akasema.

Mkutano ulilipuka. Mzee aliruka juu kama kijana. Mimi nilimtazama yule mganga na suruali yake iliyonyooka, nikatamani kumtupia kiatu. Mwenyekiti akasafisha koo, tayari kuhesabu mikono. Nikajikuta nimesimama bila kuruhusiwa.

"Mganga, umesema wanyama. Taja na wengine!"

"Wako wengi," akasema. "Farasi. Kondoo. Ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe pia."

Pale uwanjani hapakuwa na mwanamume asiyelima kwa maksai, na mzee wa kabichi ndiye aliyekuwa na wanne, wanene, anaowaita kwa majina ya sifa kila asubuhi. Nikamgeukia mwenyekiti. "Basi naomba hoja irekebishwe, ndugu mwenyekiti. Punda na maksai wote washuke Muze pamoja."

Mwenyekiti alifurahi sana kupata kura kubwa zaidi. Akauliza kwa sauti ya heshima: wanaounga mkono wanyooshe mikono. Upepo ulivuma. Mkono mmoja ukapanda, wa babu mmoja kiziwi aliyekaa nyuma kabisa, na alipoulizwa akasema anataka kujua chakula kitaletwa saa ngapi. Hoja ikaanguka, mzee wa kabichi akiwa wa kwanza kupiga makofi.

Mganga aliomba amalizie. Akasema kijidudu kinahitaji mlango: kidonda, msumari uliokanyagwa, au kitovu cha mtoto kikikatwa kwa kisu kichafu au kikipakwa kinyesi cha ng'ombe.

Mama wa punda alisimama polepole. "Kwetu walikipaka," akasema. "Mama mkwe ndiye aliyekipaka. Ndiyo ilikuwa desturi." Hakumtazama mtu. "Basi mimi sikuja na kitu."

"Hukuja na kitu, mama," mganga akamjibu. "Wala yeye hakujua."

Mganga akafungua sanduku lake, akasema ipo chanjo ya wanawake wenye mimba, inamkinga mama na mtoto atakayezaliwa. Wajawazito wakapanga mstari, wengine wakijificha nyuma ya wenzao kwa kuogopa sindano. Mwisho wa mstari, mvi kichwani, alisimama mama wa punda.

"Mama," mganga akasema zamu yake ilipofika, "hii ni ya wenye mimba."

"Naona, baba."

"Sasa wewe..."

"Wangu hakuipata," akasema, akipandisha mkono wa blauzi. "Nichome."

Kijana yule alinitazama. Akachukua pamba, akaupangusa mkono ule mwembamba, akamchoma. Mama akaishika pamba palepale, akalia kwa sauti, na wale wajawazito wote wakarudi kusimama naye.