Pini Midomoni

Mvumo ndio ulioondoka kwanza, mwenyewe akafuata baadaye.

Ukiingia leo katika kile chumba cha kushonea magauni ya harusi, juu ya duka la vioo, utasikia cherehani, utasikia mkasi mkubwa ukila kitambaa mezani, na feni ikilalamika darini. Mvumo hutausikia. Wateja wa zamani husimama kidogo mlangoni, kama mtu aliyeingia nyumba ambayo saa yake ya ukutani imeondolewa: anajua kimepungua kitu, hajui ni kitu gani. Mkataji anajua. Kuna wakati anainua kichwa, mkasi ungali wazi mkononi, akasikiliza, kisha akakumbuka, akaendelea kukata.

Mvumo ulikuwa wa wifi yake, mke wa kaka yake, fundi wa vipimo. Walimwita Kasuku, jina alilopachikwa utotoni na ndugu zake kwa sababu ya pua. Ilikuwa pua ya baba yake, yenye nundu katikati na ncha iliyoinama kana kwamba inachungulia mdomoni kuna nini. Ila kasuku huyu alikuwa hasemi. Kutwa alipiga magoti mbele ya bi harusi, mikono yote miwili ndani ya hariri, midomo imebana pini, akawa anazichomoa kwenye kona ya mdomo moja baada ya nyingine bila kuzitazama. Na kwa kuwa midomo imefungwa, alivuma puani, wimbo usio na maneno wala mwisho, na bi harusi aliyekuja akitetemeka alijikuta ametulia kama mtoto anayebembelezwa.

Kimto cha pini cha kufunga mkononi kilikuwapo, lakini hicho kilikuwa cha wanaojifunza. Fundi kamili alijulikana kwa midomo. Ndivyo alivyofundisha mama yake mkataji, aliyeanzisha kazi ile, na aliacha sheria zake humo ndani kabla hajafa. Mwenye pini mdomoni haulizwi swali. Hachekeshwi. Hashtuliwi. Na ikitokea bahati mbaya, msipige kelele, kwani kila fundi amemeza yake. Yeye mwenyewe alimeza mbili katika maisha yake, akala ndizi mbivu na uji mzito, zikatoka zenyewe, akaishi mpaka akawa kikongwe. "Pini ni mgeni," alikuwa akisema. "Mlishe, ataondoka."

Katika chumba kile kulikuwa na kioo kirefu. Bi harusi alijitazama humo, na nyuma ya bega lake ulikuwapo uso wa Kasuku, ukionekana kwa upande. Ndugu wa bi harusi walipiga picha, na Kasuku akawa anazichungulia kwenye simu zao.

"Wifi," alimwambia mkataji, "pua yangu hufika kwenye picha kabla yangu."

"Basi iambie itusalimie wakubwa."

Walicheka. Lakini siku moja mteja mmoja aliyeridhika sana alituma picha ya shukrani, gauni likiwaka kama maziwa, na picha ilikuwa imekatwa upande. Kasuku alibaki mikono tu, na kona ya mdomo yenye pini. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akarudisha simu, na mchana ule hakuvuma.

Mumewe alipoambiwa habari ya kupasuliwa pua hakuelewa.

"Pua hiyo niliiona siku nilipokuja kuposa, na sikukimbia."

"Hukukimbia kwa sababu baba alikuwa amekaa mlangoni."

"Na pua kama hiyohiyo. Zilikuwa mbili, bado nikakaa."

Alicheka hata yeye, lakini alikuwa ameshaamua. Alikwenda kwenye kliniki moja ya jengo refu lenye lifti ya kioo, akarudi na plasta usoni na macho yamevilia damu. Plasta ilipoondolewa, ilitoka pua iliyonyooka, nyembamba, ya kuchongwa. Wateja walisifu. Mkataji naye alisifu, na hakuwa mnafiki. Pua ilikuwa nzuri kweli. Alichokiona kingine hakukisema mara moja. Kila Kasuku alipovuta pumzi kwa nguvu, akipanda ngazi au akiinua jora la kitambaa, pande mbili za pua zilibonyea ndani zikagusana, kama pazia linalovutwa na upepo wa dirishani. Kisha mdomo ukafunguka.

Glasi ya maji ikaanza kukaa karibu naye siku nzima. Midomo ilimpasuka. Kaka yake mkataji, mume wa Kasuku, alipita asubuhi moja kabla ya kazi, akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Dada, mwenzako siku hizi analala amekaa. Nikizima taa nasikia mtu anakunywa hewa."

Daktari wa jengo refu alisema uvimbe wa ndani huchelewa, asubiri mwaka. Mkataji hakuridhika, akampeleka kwa daktari mwingine, wa masikio, pua na koo, mzee mpole aliyezungumza huku akichora. Alieleza kwamba nundu ilipokatwa, na mifupa ikabanwa ili pua ionekane nyembamba, gegedu zilizokuwa zikishikilia kuta za ndani zilipoteza nguvu. Njia ya hewa ilikuwa na mahali pake pembamba hata kabla, na sasa pale pembamba pamekuwa mlango unaojifunga kila akivuta pumzi. Kisha akaweka vidole viwili kwenye shavu la Kasuku, akalivuta taratibu kuelekea sikioni.

"Vuta sasa. Funga mdomo."

Hewa iliingia. Ilipita baridi mpaka nyuma ya macho, na Kasuku, ambaye hakulia siku ya kisu, alilia pale kitini bila sauti. Daktari alipoondoa vidole, mlango ukajifunga.

"Panaweza kutengenezwa," alisema. "Tunachukua gegedu kidogo sikioni au ubavuni, tunaipachika kama tegemeo. Pua itapanuka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Kasuku aliuliza.

Mkataji aligeuka kumtazama. Daktari aliendelea kuchora. Walipokuwa wakishuka, Kasuku alisema atafanya, ila msimu wa harusi upite kwanza. Ajizi ni nyumba ya njaa, na hata waliomo ndani yake huipamba.

Akarudi kwenye magoti yake na pini zake. Mkataji alimsikia kutoka mezani. Palipokuwa na mvumo pakawa na sauti nyingine: midomo ikiachana kidogo kwenye kona, hewa ikifyonzwa kati ya meno na chuma, midomo ikifunga tena. Kila alipoisikia, mkasi wake ulisimama. Jioni moja alichukua kimto cha pini, akakiweka mapajani mwa wifi yake bila neno.

"Unanipa cha wanafunzi?"

"Nakupa cha watu wanaopumua kwa mdomo."

"Wifi, mama yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Usinifundishe tena wewe."

"Mama alikuwa na pua."

Lilikuwa neno kali, na liliwakaa wote wawili. Hawakuongea siku iliyofuata. Kimto kilibaki juu ya rafu, kikiwa na vumbi la uzi.

Aliyevaa gauni siku ya mkasa wenyewe alikuwa msichana mrefu, sketi yake pana kama hema, na shangazi yake amekaa pembeni amenyamaza kwa kuheshimu sheria ya chumba. Hakuna aliyemchekesha fundi, hakuna aliyemshtua. Kasuku alikuwa ameinama kabisa, anapandisha pindo, kichwa chini ya tabaka za kitambaa ambako joto lilikuwa limejaa. Alihitaji pumzi tu. Mkataji aliona mgongo wake ukiinuka, akasikia mdomo ukifunguka, safari hii wote, kama mtu anayeibuka majini. Kisha kikohozi, kimoja kirefu, mkono kifuani, machozi. 

"Imekwenda," Kasuku alisema alipopata sauti. Alijaribu kutabasamu. "Na mimi nimemeza yangu."

Shangazi alitaka gari liitwe. Wanawake wa chumba kile ndio waliomtuliza, maana walilijua jambo hili kuliko yeye. Kikohozi kilikuwa kimeacha, mgonjwa anaongea, maji yanapita. Mkataji mwenyewe alishuka kununua ndizi, akapika uji mzito kwenye jiko la kona, akakaa mbele ya wifi yake mpaka akamaliza bakuli. Ugomvi wao ukaishia hapo, kwa kijiko. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba waliomeza zamani walikuwa na midomo iliyofungwa, pini ikiwateleza pamoja na mate. Huyu alikuwa anavuta hewa. Chenye kuvutwa na hewa hakiendi tumboni.

Wakasubiri mgeni aondoke. Hakuonekana kuondoka, wakasema huenda amepita bila kuaga. Kikohozi kilirudi, kikavu, kikaitwa vumbi. Homa ikaja jioni na kwenda asubuhi, ikaitwa uchovu wa msimu. Kasuku alikuwa akishika ubavu wa kulia anapoinuka, na mkataji, akimtazama kupitia kioo kirefu, alihisi kwamba kuna mtu wa tatu chumbani anayehesabu pumzi pamoja nao. Mara mbili alisema twende hospitali. Mara mbili alijibiwa kwamba gauni la kijani halijapigwa vifungo.

Siku alipokohoa damu kwenye kitambaa cheupe, walikwenda bila kubadilisha nguo za kazi. Picha ya kifua iliwekwa kwenye taa. Mkataji aliyekuwa amesimama nyuma hakuhitaji kuelezwa. Ndani ya ukungu wa pafu la kulia, chini, ilikuwa pini yao, nyembamba, imenyooka, kichwa chini na ncha juu, safi kama imetoka kwenye kasha siku hiyo.

Waliingiza mpira wenye kamera ili waitoe, haikutoka. Nyama ilikuwa imeshaifunika na usaha umejaa. Ikabidi kifua kifunguliwe, na sehemu ya chini ya pafu iondolewe pamoja nayo. Daktari wa pua, yule mzee, alikuja kumwona wodini. Alisema pua isubiri, huenda kwa muda mrefu, maana mwili ule hauwezi kulazwa tena kwa dawa ya usingizi karibuni. Kasuku alimsikiliza huku mdomo uko wazi, mpira wa oksijeni umepita chini ya ile pua nzuri, na wauguzi wapya wakawa wanamsifia.

Mkataji anapima bi harusi mwenyewe sasa, kwa kimto cha mkononi, na wote wengine kadhalika. Kila Ijumaa hufunga mapema, akapitia sokoni, akaenda kumtazama wifi yake. Kasuku na mumewe wamehama kutoka ghorofa ya tatu walikokuwa wakiishi. Wanaishi katika chumba cha chini, nyuma ya shule, kwa sababu ngazi zimemshinda.