Jirani Aliyeliliwa Mapema

Wiki iliyopita, sokoni Kadutu, muuza mbao alinionyesha benchi akasema limetoka katika ukumbi wa zamani wa misheni. Nikalikalia upande huu, nikalikalia na upande ule, ndipo nikauliza bei. Kumbe miguu yangu imechoka kuliko ya benchi.

Ukumbi ule, rafiki yangu, jirani yetu aliutamani utoto wangu wote, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Siku za kazi alipiga pasi mashati ya Wazungu. Jumapili alikuwa mwigizaji. Michezo aliitunga mwenyewe, akaiandika kwenye karatasi za kufungia sukari, na watu wote akawaigiza peke yake: chifu, karani, mama mkwe, na mlevi ambaye mwishoni huanguka akafa. Tulimtazama uani kwetu, maharagwe ya bibi yakinukia, mvua ikitujia kutoka ziwani bila kubisha hodi.

Mwishowe padri wa misheni akakubali kuja kutazama. Sharti lake lilikuwa moja: mlevi wa mchezo akishaanguka, ainuke atubu mbele ya watu. Akitubu, ukumbi ni wake wa kuigizia.

Mlevi akaanguka. Akaanguka vizuri mno. Bibi, ambaye alikuwa amezika wengi, akaweka mikono kichwani akaanza kulia kilio cha kwetu, na akina mama wote wakamwitikia. Wakamfunika vitenge. Mmoja akakimbilia ndizi za kupikia waombolezaji. Mke wa jirani akainama, nami nimekaa pale pale, akamnong'oneza:

"Papa, amuka basi. Padiri iko anaangalia saa."

Vitenge vikajibu: "Nitaamuka namna gani? Bamama banalia. Nikiamuka sasa, nitakuwa nimebacheka."

Padri akaondoka bila hasira. Alisema tu kwamba mwenye dhambi hakutubu. Jirani alifufuka ndizi zilipoiva, akala msiba wake mwenyewe.

Aliendelea kuanguka katika nyua za watu, kila mwaka akiinuka polepole zaidi, hadi alipokwenda Kamituga kupiga pasi mashati ya wakubwa wa mgodi. Habari ya kifo chake ilipofika, bibi alikuwa akichambua maharagwe. Mikono haikupanda kichwani.

"Yule tulishamulilia," akasema.

Lakini Jumapili bibi alifagia pale jirani alipozoea kuangukia, akakaa akipatazama mpaka mvua ikamwondoa.

Ua ule sasa ni ghala la saruji, na kilio kile hakuna anayekijua vizuri. Benchi nililinunua, bei sikuishusha. Liko uani kwangu. Jumapili nalikalia, na mbele yangu hakuna anayeanguka.