Viatu Mezani

Nikinusa gundi ya fundi viatu, hunijia asubuhi ile mama aliponipeleka kliniki na viatu vyangu vya shule kwenye kiondo. Nilikuwa mkubwa na bado nakojoa kitandani, na mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuburuta. Watoto wa ploti yetu, nyumba za kupanga za Kariobangi, Nairobi, waliniita kikojozi.

Daktari alinitazama mara moja. “Mama, huyu ni mvivu tu. Ataacha akikua.”

Mama akaviweka viatu mezani. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikuwa kimelika ncha, kimebandikwa gundi na kushonwa mara tatu.

“Daktari, mvivu angechakaza vyote viwili. Huu mguu mmoja umejifunzia wapi uvivu?”

Daktari akacheka, kisha akaacha. Alinilaza kifudifudi, akainua shati, akakuta kishimo chenye nywele juu ya makalio. Alisema huenda neva kuu ya mgongo imenaswa pale chini, na kila nikirefuka inavutwa; ndiyo maana naburuta mguu na kukojoa kitandani. Nisipopasuliwa mapema, mguu utapooza.

Akaandika barua ya kunipeleka hospitali kubwa, kwa Kiingereza.

“Andika na ya Kiswahili,” akasema mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani. “Mtoto atanisomea, nijue kama ni hayo uliyosema.”

Nilisoma kwa sauti, nimesimama. Mama aliitikia kwa kichwa, sentensi kwa sentensi, na daktari akangoja.