Picha Safi ya Ufa

Wanafunzi wangu wananiona nimepungukiwa akili kidogo, kwa sababu sipokei picha ya jiwe, mti au ufa isiyo na kiberiti pembeni. Asiyeweka kiberiti namrudishia kazi yake, na wazazi wameshalalamika. Nafundisha hisabati, si mpole, na sababu yenyewe sijawahi kumweleza mtu.

Nimekulia Shinyanga, kwenye mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi lambo la kunyweshea ng'ombe lilikauka, tope likapasuka vipande vipande. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulilala kifudifudi kulitazama. Kulikuwa na nyufa kubwa za kuzamisha mguu. Kila kipande kilichobaki katikati kilikuwa na nyufa zake ndogo, zimejigawa vilevile, na kati ya hizo kulikuwa na nyingine nyembamba kama unywele.

"Dada, hata ukisogea karibu ni zilezile," alisema.

Nilimwambia aache kunichosha, ng'ombe wanaingia kwenye mtama wa watu.

Chuoni ndipo nikajua kwamba alichokiona kina jina: fraktali. Ni umbo ambalo sehemu yake ndogo inafanana na umbo zima. Ukivunja tawi la mgunga ukalisimika mchangani, unapata mgunga mdogo. Kijito kinachoingia mtoni kina vijito vyake, navyo vina vyao. Nyufa za mawe ziko hivyohivyo. Ndiyo maana wanaopima miamba huweka nyundo au kalamu kabla ya kupiga picha. Bila kitu unachokijua ukubwa wake, huwezi kutofautisha mkwaruzo na pango. Hili nililifundisha miaka yote kwa sauti kubwa.

Mdogo wangu hakuendelea na shule. Alikwenda kuchimba dhahabu nje kidogo ya Katoro, akawa na wenzake kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu. Siku moja asubuhi nikiwa nasahihisha madaftari, alinitumia picha.

"Shikamoo dada. Mwamba wa kushoto una ufa. Wenzangu wanasema tupange magogo ya kuuzuia kwanza, tutapoteza siku mbili. Wewe ndiye unayejua nyufa. Unaonaje?"

Niliona mstari mwembamba kwenye jiwe lililolowa, umegawanyika mara mbili, kila tawi nalo likagawanyika. Nilifurahi, nakiri. Nilikumbuka lambo letu. Nikamjibu: "Marahaba. Huo ni unywele tu, kila jiwe linao. Usiwe mwoga."

Alinishukuru. Simu akamwachia mwenzake juu, maana chini hakuna mtandao, akatangulia kushuka. Wenzake walikuwa bado wanavaa viatu mwamba ulipoanguka. Walimtoa jioni, ameshakufa.

Baada ya mazishi yule mwenzake aliniletea simu. Nilikuta picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana. Ya pili ndiyo niliyotumiwa. Ya kwanza ilikuwa ya ufa uleule, na mdogo wangu ameingiza mkono ndani yake hadi kwenye kifundo.

Nilikaa chini. Nikamuuliza kwa nini hakunitumia hiyo.

"Mama mwalimu, sisi picha ya mwamba hatuweki mkono," alisema taratibu. "Tajiri wa duara, anayetupa pesa za kuchimba, hutaka picha na hiyo hapokei. Anasema mkono unamzibia mawe anayotafutia dhahabu. Kwa hiyo mwamba tunaumwagia maji ung'ae, tunatoa mkono, ndipo tunapiga. Ile ya kwanza mdogo wako mwenyewe alisema haifai kutumwa kwa mwalimu."

Watu wa nyumbani wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nakasirika. Mungu hakuandika ule ujumbe. Niliuandika mimi, kalamu nyekundu mkononi, na sikumuuliza swali hata moja. Kama angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudishia picha yake na kumgombeza kwamba haina kipimo. Kwa vile alikuwa ndugu yangu, nilimjibu haraka.

Ile picha ya kwanza ninayo bado. Huwa naikuza mpaka naona kucha zake na tope lililokauka kwenye vidole. Huo mkono ninaujua ukubwa wake. Niliushika tukivuka mbuga, alipokuwa anaogopa kutumbukia kwenye nyufa.